Msituite wavivu, tuambieni kwanza mmekata wapi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma likiwa limelala siku moja, kwa sababu nalipata kwa jirani yangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki akishamaliza kurasa za michezo. Kwa hiyo mnisamehe kama jibu langu limechelewa. Namjibu msomaji wenu wa Arusha aliyeandika kwamba wanawake wa siku hizi ni wavivu wa kuzaa, wanakimbilia kisu na sindano za mgongo, wakati bibi zetu walijifungulia migombani na jioni wakaingia jikoni. Akafunga barua yake kwa Mwanzo sura ya tatu: "kwa utungu utazaa watoto."

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Nina watoto watatu. Wa kwanza nilimsukuma, wa pili nilipasuliwa kwa dharura, wa tatu nilijaribu kumsukuma, katikati nikasema mwenyewe basi, nipasueni. Mtu aliyepita njia zote hizo nadhani ana haki ya kusema kidogo. Msomaji wenu sijui amezaa mara ngapi, ila jina lake ni la kiume.

Nianze na mwaka 2009. Nina miaka 21, mimba ya kwanza, hospitali moja ya mkoani kwetu ambayo sitaitaja. Kliniki sikukosa hata mara moja. Nilipimwa damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, sindano ya pepopunda, chandarua. Kuhusu maumivu yenyewe hakuna aliyefungua mdomo. Niliingia leba saa tatu usiku na kanga zangu, beseni, glovu na pamba kama nilivyoagizwa, dada yangu akaachwa getini. Kitanda kimoja tulilala wawili, mimi na mama mmoja wa Himo ambaye hata jina lake sikulipata. Uchungu ukimjia ananishika mkono, ukinijia namshika, ikafika mahali tunapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Nilipopiga kelele nesi alinipa lile jibu ambalo wanawake wengi wa nchi hii wanalijua kwa moyo: "Mbona siku ile hukulia?"

Mtoto alitoka salama saa kumi na mbili asubuhi. Niliongezewa njia, yaani nilikatwa kidogo mtoto apite, na nikashonwa ganzi ikiwa haijakolea. Nilihesabu mishono: sita. Mtu anayekula kwa sindano hawezi kuacha kuhesabu. Lakini sitaidanganya njia hiyo. Kesho yake nilikuwa natembea, keshokutwa niko nyumbani, mama mkwe ameshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi na nyama, mtori unachemka. Mwili ulirudi upesi. Hofu ndiyo iliyogoma kuondoka. Miaka minne sikutaka kusikia habari ya mimba, na kama ningebeba wakati ule na hela ninayo, ningeomba kisu bila hata kuuliza bei. Msomaji wenu angeniita mvivu.

Mimba ya pili, 2014, chupa ilipasuka alfajiri. Hospitali tofauti, hiyo nayo naihifadhi. Mpaka jioni njia ilikuwa imefunguka sentimita nane, ikasimama hapo. Nikatundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, na uchungu wa dripu, Mhariri, haupandi ngazi, unaruka. Kumbe mtoto alikuwa amegeuza uso mbele, kisogo kimeegemea mgongo wangu, ndiyo maana kiuno kilikuwa kinapasuka kuliko tumbo. Usiku mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka. Nikaletewa karatasi na kalamu. Sikuisoma. Katika hali ile ningesaini hata hati ya kuuza cherehani.

Tiata nilikalishwa kitini, nikaambiwa nipinde mgongo kama paka na nisitikisike, huku uchungu unanijia. Sindano yenyewe haikuniuma kama nilivyokuwa nimetishwa sokoni. Dakika chache miguu ikapata joto, kisha ikawa kama magunia mawili ya mpunga ambayo si yangu. Nilikuwa macho. Nilisikia wakivuta na kusukuma ndani yangu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya begi lililojaa, na maumivu sikusikia. Nilisikia mikasi. Halafu nikamsikia mwanangu.

Kwa hiyo kisu kilimwokoa, hilo nalisema mbele ya yeyote. Lakini nani alisema kupasuliwa ni mkato wa njia? Ganzi ilipoisha nilijua tumbo linatumika kukohoa, kucheka, kugeuka, hata kupiga chafya. Siku ya pili nesi alinisimamisha kwa nguvu, nikamlaani kimoyomoyo. Baadaye nilielewa kwamba kulala sana baada ya upasuaji kunaweza kugandisha damu miguuni. Kukanyaga pedali ya cherehani, nilianza baada ya miezi miwili. Na jirani waliokuja kuniona walisema "pole", wakatulia kidogo, kisha, "kwani hukuweza?"

Mama mkwe hakuuliza hivyo. Amezaa wanane, wote nyumbani, na nilikuwa namwogopa zaidi ya wote. Alikuja na mtori kwenye chupa ya chai, akanilisha kijiko kwa kijiko, akaniambia habari ambayo hata mume wangu alikuwa haijui. Shemeji yake, mwaka wa njaa, alishikwa na uchungu siku mbili. Wakambeba kwenye machela kuteremka mlima, mvua, tope. "Tulirudi na machela ile ile, mwanangu. Hao wanaowasema watu ni sisi tuliobaki." Ni hayo tu, akafunika chupa yake.

Namrudishia msomaji wenu maneno hayo. Bibi zetu waliojifungulia migombani na jioni wakapika ni wale waliopata jioni. Wengine walipata fistula, maana mtoto akikwama siku mbili kichwa chake kinabana nyama laini kati ya njia ya uzazi na kibofu mpaka inakufa, na mama anabaki anavuja mkojo maisha yake yote, ananuka, anafukuzwa. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba mwaka 2015/16 walikuwa wanakufa wanawake 556 katika kila vizazi hai laki moja, na utafiti wa 2022 ukatoa 104. Kushuka huko hakukuletwa na ushujaa wa kukaza meno. Ni wanawake kufika hospitali, damu kupatikana, wakunga kufundishwa, na vyumba vya upasuaji kufunguliwa hadi kwenye vituo vya afya.

Kuna sehemu, hata hivyo, ninakubaliana naye nusu. Wapo wanaopasuliwa bila sababu. Nasikia kwa wateja wangu: mtoto "mkubwa" ambaye akizaliwa ana kilo tatu kasoro, "uchungu umechelewa" saa chache tu baada ya kulazwa, na bili inayolingana na uwezo wa bima. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba upasuaji ukizidi kama asilimia 10 ya vizazi katika jamii, hauonekani kuendelea kupunguza vifo vya mama na watoto wachanga. Nchi yetu kwa ujumla ilikuwa kwenye asilimia 6 katika ule utafiti wa 2015/16, maana yake kuna mama wa kijijini aliyekuwa anakufa kwa kukosa kisu, na huku mjini mwenzake anakatwa asichohitaji. Basi msomaji wetu awaulize wenye visu. Mbona anatuuliza sisi tuliolala chali?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nizime cherehani leo nikaandika.

Mwaka 2021 nilipata mimba ya tatu. Kliniki nilimkuta daktari wa kike, kijana, mwenye lafudhi ya Kisukuma. Alitazama kovu langu, akauliza: "Dada, kizazi chenyewe walikata kwa upande gani?" Nikamwonyesha kovu, si hilo hapo, limelala kama mkanda. Akasema hilo ni la ngozi. Ngozi inaweza kukatwa hivi na kizazi kikakatwa vile. "Karatasi ya ruhusa iko wapi?" Karatasi ilipotea tulipohama Njoro kwenda Pasua, na hata ilipokuwapo ilikuwa na maneno mawili, moja "upasuaji", la pili mpaka leo sijui ni neno au saini.

Nikamwambia, daktari, mimi fundi, nieleze kwa lugha ya kitambaa. Akacheka, akachukua karatasi. Sehemu ya chini ya kizazi ni nyembamba na haijikazi sana wakati wa uchungu. Ukikata hapo kwa ulalo, mshono unakaa mahali pasipovutwa. Sehemu ya juu ndiyo misuli inayosukuma. Ukikata kwa wima hapo, uchungu wa mimba inayofuata unavuta mshono wenyewe. Nilimwelewa palepale. Mshono wa pindo unaweza kudumu kuliko suruali yenyewe. Wa makalioni ndio unaofumuka mtu akiinama.

Nilirudi kwenye hospitali ya 2014, nikakaa masjala siku mbili kutafuta faili la miaka saba. Siku ya kwanza niliambiwa halipo. Siku ya pili nilienda na chapati, likapatikana. Kizazi kilikatwa chini, kwa ulalo. Sababu: mtoto kukaa vibaya, mapigo kushuka. Yaani mambo ya mimba ile, si ufinyu wa nyonga zangu kama nilivyokuwa nikijiaminisha miaka yote. Nilikaa kwenye benchi nje ya masjala nikalia, na sina hakika nililia nini.

Daktari akanipa hesabu. Katika wanawake 100 wenye kovu moja la chini wanaojaribu kusukuma, zaidi ya 70 wanafanikiwa. Kovu kuachia ni kama mmoja katika 200, lakini likiachia ni dakika, si saa, kwa hiyo usijaribu zahanati wala nyumbani; jaribu mahali penye tiata, damu na mtu wa kukupasua usiku wa manane. Ukichagua kupasuliwa moja kwa moja, hatari ya kovu kufumuka wakati wa uchungu unaiepuka, ila kila kisu kinaongeza nafasi kwamba mimba ya baadaye kondo la nyuma litaotea juu ya kovu na kung'ang'ania, likatoka na damu nyingi, pengine na kizazi chenyewe. Akaniuliza nataka watoto wangapi. Hilo swali nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu mwenye koti jeupe. Nikasema huyu ni wa mwisho. Akaandika.

Tukaongea habari ya maumivu pia, na hapa namjibu msomaji kuhusu "sindano inayoharibu mgongo". Ile ya leba si sawasawa na ile ya tiata. Wanapitisha mpira mwembamba kama uzi wa kushonea viatu karibu na mishipa ya fahamu, dawa inaingia kidogo kidogo, uchungu unapungua na mama yuko macho, anasukuma. Inaweza kushusha presha, kuleta mwasho, kuchelewesha kusukuma, na mara chache kichwa kuuma sana siku zinazofuata. Kuuma mgongo miaka na miaka, daktari alisema uchunguzi haukuonyesha kwamba inatokana na sindano hiyo, na wala haiongezi kupasuliwa. Ila inahitaji mtu wa usingizi, yaani mtaalamu wa dawa za ganzi na usingizi, akae karibu, pamoja na mashine ya kupima presha. Na hospitali ile alikuwa mmoja, yuko tiata. "Sitakudanganya," daktari akasema, "usiku huenda usimpate." Nilimheshimu kwa hilo kuliko kama angeniahidi.

Uchungu ulianza wenyewe, usiku wa Jumapili. Safari hii dada yangu aliruhusiwa kuingia. Alinikanda kiuno kwa ngumi kama anakanda unga wa maandazi, akanitembeza koridoni, na nasema bila aibu kwamba ngumi za dada yangu zilifanya kazi kuliko kitu chochote mwaka 2009. Mkunga mmoja mstaafu, mteja wangu, aliniambia baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linataka kila mwanamke awe na mtu wake leba, na kwamba ile sheria ya zamani ya njia kufunguka sentimita moja kila saa haitoshi peke yake kuwa sababu ya kumpasua mtu. Mtu wa usingizi kweli hakupatikana. Nilichomwa sindano ya pajani. Uchungu ulibaki palepale ila ukawa kama kelele za harusi ya jirani, unazisikia, huzibebi.

Sentimita sita. Halafu nikaanza kusikia kitu kingine, moto mwembamba palepale penye kovu, na hauondoki uchungu ukipoa. Daktari alikuwa ameniambia habari ya huo moto, kwamba nikiusikia niseme, nisijikaze. Nikasema. Akaja daktari wa zamu, akanipima, akasema tunaweza kungoja kidogo tukiangalia mapigo, au twende sasa. Akaninyamazia anisubiri. Nikasema twende. Karatasi niliisoma yote, mstari kwa mstari, dada kashika tochi ya simu maana taa ya kile chumba ilikuwa inapepesa. Kufungwa mirija kulikuwa kumeandikwa tangu wiki ya 34, nimekwisha kukubaliana na baba watoto nyumbani, mezani, tukiwa tumeshiba. (Mama mkwe habari hiyo hana. Naomba msilichapishe jina langu.)

Kwenye hesabu za yule msomaji mimi nimeshindwa mara mbili. Mimi nikizikumbuka zile siku tatu, ya kwanza niliyozaa "kama bibi zetu" ndiyo inayonishtua usingizini, na ya tatu, yenye tumbo lililofunguliwa tena, naisimulia nikicheka.

Kuhusu lile andiko, mimi ni Mlutheri na Biblia yangu naisoma. Aya tatu tu mbele Adamu naye anaambiwa "kwa jasho la uso wako utakula chakula." Mbona pawatila zinalima mpunga Lower Moshi na sijasikia mwanamume aliyesimama kanisani kuzipinga? Binti yangu wa kwanza, sasa yuko sekondari, alinisomea kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alivutishwa dawa ya kloroformu alipomzaa mtoto wake wa nane mwaka 1853, wakati wapo waliokuwa wananung'unika hivi hivi. Malkia alizaa akamshukuru daktari. Kiti chake hakikuanguka.

Ombi langu kwa wahusika wa afya ni dogo na halihitaji fedha za wafadhili. Mwanamke anayetoka wodini baada ya kupasuliwa aandikiwe kwenye kadi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, alipasuliwa kwa nini na kizazi kilikatwa wapi. Na kliniki, mimba ikifika miezi saba au minane, mtu mmoja akae naye robo saa amweleze hospitali ile ina dawa gani ya maumivu na haina ipi, na amwulize anachotaka angali anaweza kukaa, kufikiri na kwenda kuuliza nyumbani. Kalamu isiletwe wakati wa dripu kama ndiyo salamu ya kwanza.

Nimeandika haya kwa sababu Jumatatu alikuja mteja wa Kiboriloni kupanua gauni, mimba ya miezi minane, ana kovu la mwaka juzi. Nikamwuliza, nikiwa na tepu kiunoni kwake, kizazi walikata kwa upande gani. Akaniangalia kama nimemtukana. Nilimrudia swali polepole. Akasema, "Kwani mtu anaambiwaga?" Gauni lake anakuja kulichukua Ijumaa. Nimepima, nimeacha upana wa kutosha, na kwenye mfuko wa pembeni nimemwekea karatasi yenye maswali manne na jina la dirisha la masjala la kugonga.

Mama wa watatu,
Fundi cherehani, Moshi
(jina tafadhali lihifadhiwe)